Kibaba cha Mninga cha Domina Urbanus

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu mliofika kwa wingi, Asalaam aleikum. Baba Padre, viongozi wa kijiji na wa chama, wazee wetu, shikamooni, na ninyi nyote mliotoka Kilosa, Mikumi, Kisanga na milimani Vidunda kuja kumsindikiza mama yetu leo Alhamisi, tarehe 5 Mei 1983, familia inawashukuru na inawaomba mkae vizuri, kwa maana historia hii ni ndefu kidogo, na msomaji hana ruhusa ya kuifupisha.

Ifahamike kwanza kwamba marehemu aliitunga historia hii mwenyewe, akiwa kitandani, kati ya Februari na Aprili mwaka huu, akimwandikisha binti yake Regina katika daftari la shule, kwa sababu, kwa maneno yake, marehemu wengi hupimwa kwa kilemba siku ya kuzikwa, na yeye alitaka apimwe kwa mfuto. Kwa vijana wasiojua, kilemba ni kile kichuguu cha nafaka kinachosimama juu ya kipimo, na mfuto ni kupangusa juu kwa kijiti hadi nafaka ilingane na ukingo, na mama yetu aliwatilia shaka maisha yake yote watu wanaonunua kwa kilemba na kuuza kwa mfuto. Alimtilia shaka pia mwanawe wa kwanza, Wenceslaus, ambaye ni katibu wa kijiji hiki na ndiye anayesoma hapa, kwamba akifika mahali fulani atakohoa na kuruka mistari, kwa hiyo nakala ya pili ya maneno haya iko mikononi mwa Bibi Joha, aliyeketi mbele pale upande wa akina mama, na ameagizwa afuatishe kwa kidole neno kwa neno, na akiona limerukwa hata moja asimame.

Marehemu Domina Urbanus alizaliwa Vidunda tarehe 14 Agosti 1927, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Urbanus na mama Paulina, wakulima wa maharage na mahindi katika miteremko ile ambayo mtu akidondosha jembe hulifuata hadi kwa jirani, akabatizwa mwaka huohuo, akaanza shule ya misheni mwaka 1935, akasoma hadi darasa la nne, akajua kusoma, kuandika, kushona na kusugua, maana masista walikuwa na imani kubwa katika mchanga na majivu, na mtoto aliyeleta chombo chenye doa alirudishwa mtoni.

Mwezi wa Juni 1938, akiwa na umri wa miaka kumi, alitumwa na baba yake kushuka mlima na mzigo wa maharage, vibaba ishirini na vinne, kuupeleka kwa mwenye duka mmoja wa bondeni ambaye jina lake familia haikulitunza, naye yule bwana akapima mbele ya mtoto, akapata vibaba ishirini tu, akaandika ishirini kwenye kikaratasi, akampa. Mtoto alipofika nyumbani na kikaratasi kile, mzee Urbanus hakuuliza mara mbili, alimchapa uani, mbele ya majirani waliokuwa wakipukuchua mahindi, kwa kosa la kula maharage mabichi au kuyauza njiani, na kuanzia siku hiyo watoto wa Vidunda wakamwita Mla Maharage. Miezi mitatu baadaye mzee Urbanus alishuka mwenyewe na mzigo mwingine na kibaba alichoazima misheni, akagundua kwamba kipimo cha yule bwana kilikuwa na kitako kilichochimbwa kwa ndani kikameza zaidi, kama kiatu kilichong'olewa soli, akarudi, akakata kipande cha mninga, akachonga kwa siku nne kibaba kilicholingana sawasawa na kile cha misheni, akampa mwanawe. Hakumwomba radhi, wala hakuwaita majirani wale waliokuwa wakipukuchua mahindi, na Domina aliendelea kuitwa Mla Maharage hadi alipoolewa. Marehemu ameagiza isemwe hapa kwamba alimpenda baba yake na alikithamini kile kibaba, lakini jambo lile lilimuuma hadi mwisho.

Tarehe 8 Novemba 1947 alifunga ndoa takatifu na marehemu Nikolaus Kasian, kibarua wa reli, mtoto wa manamba aliyeletwa kwenye mashamba ya katani, wakajenga Mabwerebwere, Kilosa, na Mungu akawajalia watoto wanne, Wenceslaus aliyezaliwa 1949, Regina 1952, Letisia 1956, na Marko aliyeishi wiki sita tu mwaka 1959. Baba yetu alipopelekwa na genge lake kwenye ujenzi wa reli ya kwenda Mikumi, mama alibaki sokoni Kilosa akiuza mchele na maharage, akinunua kwa mfuto na kuuza kwa mfuto, kwa kibaba kilekile cha mninga, ambacho kila Jumamosi alikisugua ndani na nje kwa mchanga na majivu jinsi masista walivyomfundisha, hadi kikang'aa. Wanunuzi walimwita Mama Mfuto, na wafanyabiashara wenzake walimwita majina mengine ambayo Baba Padre ametushauri tuyaache.

Uhuru ulimkuta sokoni, naye alicheza ngoma usiku kucha kama wengine, lakini asubuhi alikwenda kutazama kama mizani ya mwenye duka la jirani nayo imepata uhuru, akakuta bado ina sarafu iliyogandishwa kwa nta chini ya sahani. Mwaka 1964 alichaguliwa mjumbe wa nyumba kumi, na katika kazi hiyo aliwasumbua wengi, kwa sababu alikwenda dukani akiwa na vyombo vyake, akinusa mafuta ya taa kama yametiwa maji, akipitisha mchele kwenye ungo kutafuta kokoto zilizofanana mno, na mwuza vitambaa mmoja aliyekuwa na desturi ya kupima huku gumba lake limelala ndani ya kila yadi, alimwambia mbele ya wateja, "Gumba lako zuri, ndugu yangu, lakini leo nimekuja kununua kanga peke yake." Azimio lilipotangazwa mwaka 1967 alilikariri kifungu kwa kifungu, ila aliongeza chake, kwamba unyonyaji hauna kabila wala rangi, na duka likiwa la umma nalo lina mkono unaopima, na mkono ni wa kutazamwa.

Baba yetu Nikolaus alifariki tarehe 2 Septemba 1971 kwa homa ya mapafu, akazikwa Kilosa, na mwaka 1974, watu walipohamia vijijini, mama alihama na Letisia akaja hapa Tupendane, akiwa miongoni mwa kaya arobaini za kwanza, akalima shamba la pamoja na shamba lake, na duka la ushirika la kijiji lilipofunguliwa tarehe 1 Machi 1975, aliingizwa katika kamati ya duka. Mwuza duka alichaguliwa Bwana Mwinshehe, kijana wa Kilosa, naye mtoto wa manamba kama baba yetu, mpole, anayejua hesabu, mwenye tabia ya kufunga kila kifurushi kwa kamba hata ambacho hakikuhitaji kamba, na mkewe ndiye huyu Bibi Joha aliyeshika nakala. Kwa kuwa mizani iliyoahidiwa haikuwa imefika, duka lilipima kwa kibaba cha bati chenye mhuri wa serikali.

Sasa tunafika mahali ambapo Wenceslaus alidhaniwa angekohoa.

Mwezi wa Juni 1976, wakati wa maandalizi ya kipaimara cha Letisia, marehemu alinunua dukani vibaba kumi na viwili vya mchele, akaupima tena nyumbani kwa kibaba chake cha mninga, akapata kumi na kimoja. Alirudia wiki iliyofuata kwa maharage, akapata kumi na kimoja, akarudia wiki ya tatu kwa mahindi, akapata kumi na kimoja na punje za kuweza kulisha kuku mmoja. Hakumwuliza Mwinshehe faraghani, ingawa walikuwa wakisalimiana kila asubuhi, yeye akisema shikamoo mama na mama akiitika marahaba, wala hakwenda kwa Joha, ingawa walichota maji pamoja, kwa sababu mtu aliyeibiwa utotoni huona mwizi hata kwenye kivuli chake mwenyewe. Hayo ni maneno yake, wala hatukumwongezea.

Tarehe 10 Julai 1976, siku ya Jumamosi, katika mkutano mkuu wa kijiji uliofanyika kwenye uwanja wa shule, mbele ya watu zaidi ya mia mbili, marehemu alisimama na kibaba chake mkononi, akasema kwamba kijiji kimemkimbia mnyonyaji mjini na kumbe kimemfungulia duka, kikulacho ki nguoni mwako, kisha akapima hadharani, vibaba kumi na viwili vya Mwinshehe, na watu wote wakaona kwa macho yao vikawa kumi na kimoja. Mwinshehe aliinuka, akasema kwa heshima, "Mama, kibaba changu kina mhuri wa serikali, hicho chako kina mhuri wa nani?" Marehemu akajibu, "Kina mhuri wa baba yangu," uwanja mzima ukacheka na kupiga makofi, na kesi ikaishia hapo. Mwinshehe alivuliwa duka, mgambo wa kijiji wakamshikilia siku tatu, nyumba yao ikapekuliwa hadi kwenye magodoro pasipatikane kitu, na wiki hiyohiyo yeye na Joha walirudi Mabwerebwere na watoto wao, ambako aliuza mkaa. Jina la Kumi na Kimoja lilimfuata hadi huko, watoto walimwimbia njiani, na mteja akinunua debe la mkaa alilipima tena mbele yake.

Dukani akawekwa bwana mwingine, marehemu akapima, akapata kumi na kimoja, naye akaondolewa kimyakimya baada ya miezi minne. Mwezi wa Januari 1977 kamati ikaona njia ya kumaliza fitina ni kumpa duka mtu ambaye Mama Mfuto mwenyewe hatamshuku, akaitwa Regina kutoka Kisanga, binti yake wa kumzaa, aliyejifunza kupima nafaka akiwa mgongoni mwake. Mama alimpa wiki mbili za kuzoea kazi, kisha akanunua vibaba kumi na viwili vya maharage, akaenda kupima, akapata kumi na kimoja. Familia inakumbuka kwamba kwa muda wa miezi miwili hakula chakula kilichopikwa na Regina, wala hakuitikia shikamoo yake, na Regina, ambaye ndiye aliyeandika sentensi hii kwa mkono wake mama akimsomea, anasema amesamehe, lakini amesahau kidogo tu.

Tarehe 22 Februari 1978, Jumatano, afisa wa vipimo alifika kutoka Morogoro na sanduku la vipimo vya shaba, akakagua kibaba cha duka kwa maji, akakijaza hadi ukingoni, akayamimina kwenye shaba, yakalingana, hayakupungua wala hayakuzidi, akapiga mhuri mpya. Marehemu alimtilia shaka hata afisa huyo, akataka apime tena kwa maji aliyoyachota yeye mwenyewe, yakalingana tena, ndipo akatoa kibaba chake cha mninga kutoka kwenye kitambaa, akamwambia, "Basi pima na hiki, mwanangu, uone kipimo cha kweli." Afisa akakijaza, akamimina kwenye shaba, shaba ikajaa, na maji yakaendelea kumwagika, yakalowesha meza na daftari la duka na viatu vya afisa. Afisa aliingiza vidole ndani ya kibaba, akapapasa, akauliza kinasafishwaje, mama akajibu kwa mchanga na majivu, kila Jumamosi, tangu mwaka 1938, yule kijana akamwambia kwa upole, "Mama, mchanga unakula mti. Umekichimba mwenyewe." Yaani kwa miaka karibu arobaini usafi ule ulikuwa ukikitanua kibaba punje kwa punje, na hapo sokoni Kilosa kila aliyenunua kwake alikuwa akipewa zaidi na hakuna aliyewahi kulalamika.

Marehemu alikaa chini palepale dukani, juu ya gunia, hadi saa nane mchana, na alipoinuka alimwita Regina, akamwambia, "Nyani haoni kundule, mwanangu, nisamehe," kisha akaanza kwenda kwa mwenyekiti wa wakati huo kuomba mkutano mkuu uitishwe, ili aseme mbele ya watu walewale. Viongozi walimpa pole, wakamwambia kijiji kitaaibika, wilaya itauliza, afadhali liishe ofisini, na tarehe 1 Machi 1978 aliomba radhi mbele ya kamati ya watu saba, ikaandikwa barua, naye akakubali, na marehemu ametaka ijulikane kwamba kukubali huko ndiko kosa analolijutia kuliko lile la kwanza, maana la kwanza alidanganywa na mti, la pili alijidanganya mwenyewe.

Aliipeleka barua ile kwa mkono, kwa garimoshi, hadi Mabwerebwere, Mwinshehe akampokea vizuri, akamwamkia, akampa kiti na uji, akaisoma barua, akaikunja, akaifunga kwa kamba. Joha ndiye aliyesema, "Mama Wensi, jina letu ulilitoa kupitia mlango wa mbele, watu mia mbili wakiona, mbona unalirudisha kupitia uani?" Swali hilo mama alilijua tangu akiwa na miaka kumi, alikuwa akisubiri tu mtu amwulize baba yake. Alirudi akaomba mkutano mara ya pili, ikaja vita, watu wakawa na habari nyingine, akaomba mara ya tatu mwaka 1980, akasimama kwenye mengineyo, mkutano ukafungwa kwa sababu ya mvua ambayo yeye anasema haikunyesha. Viongozi wawili wa wakati huo wamo humu msibani, familia inawaheshimu, na marehemu ameagiza wasitajwe majina, ila waangaliwe.

Afya yake ilianza kudhoofika Oktoba 1981, miguu ikivimba na pumzi ikikata, akatibiwa zahanati ya hapa na baadaye hospitali ya wilaya, ambako daktari alimweleza kwamba moyo umetanuka, naye akasema hata huo pengine ulisuguliwa mno. Alihesabu vidonge mbele ya nesi kila alipopewa, na mwezi uliopita, watu walipokuwa wakikamatwa kwa ulanguzi na wengine wakificha mche mmoja wa sabuni kwa hofu, alituambia tuwaombee waliokamatwa na waliokamata, kisha waliokamata wakague vibaba vyao. Alimwamuru Wenceslaus ampime urefu kwa kamba, akaipiga fundo, akailalia chini ya mto, ili fundi seremala asipunguze mbao, na tunamshukuru fundi, kwa sababu tulipima jana na fundo lilifika. Alifariki Jumanne tarehe 3 Mei 1983, saa kumi na moja alfajiri, Regina akiwa amemshika mkono, akiacha watoto watatu na wajukuu tisa.

Sasa, kwa agizo lake, maneno haya yasomwe mara mbili, mara moja kwa wanaosikia na mara ya pili kwa wanaojifanya hawakusikia. Bwana Mwinshehe hakuiba. Vibaba kumi na viwili vilikuwa kumi na viwili, mimi Domina binti Urbanus ndiye niliyepima kwa kipimo kibovu, na jina la Kumi na Kimoja ni langu, nizikwe nalo. Bwana Mwinshehe hakuiba. Vibaba kumi na viwili vilikuwa kumi na viwili, mimi Domina binti Urbanus ndiye niliyepima kwa kipimo kibovu, na jina la Kumi na Kimoja ni langu, nizikwe nalo.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomvumilia, Baba Padre na jumuiya, majirani waliochota maji na kukesha nasi, wenzake wa kamati ya duka, na kipekee Bwana Mwinshehe, ambaye tulipomwendea Mabwerebwere juzi alivaa viatu akaja, na ndiye aliyepima unga na maharage ya msiba huu, kwa kibaba cha duka, kwa mfuto, kama marehemu alivyoomba. Kibaba cha mninga kiko hapo mezani, hakizikwi wala hakichomwi, kinarudi dukani kukaa karibu na kile cha bati, na anayetaka kumwita mwenzake mwizi akitie mkono kwanza, akipapase ndani.

Mstari wa mwisho wa daftari unasema hivi, na Wenceslaus ameagizwa ausome nao: hapa anyamaze, amtazame Joha, na asiseme neno la kuniaga mpaka aone kidole cha Joha kimefika chini ya karatasi, maana hayo ndiyo malipo yangu, na sitaki yapungue.

Mama, kidole kimefika. Pumzika kwa amani.